Upande wa Pili wa Kanda ya Ambakisye

Atupele mwanangu,

Shangazi yako amekutoa saa tisa kwenda kuagwa na kwaya, na kwa jinsi ninavyoijua kwaya ile, hamtarudi kabla ya giza. Wataimba, wataomba, kisha kila mmoja atakuwa na lake la kusema, na aliye na la maneno machache atalirefusha asije akaonekana hana upendo. Kwa hiyo nina saa mbili tatu za peke yangu. Nimesogeza spana pembeni, nimefuta benchi kwa kitambaa, lakini karatasi imepata grisi hata hivyo. Utanisamehe. Ukiona doa ujue hapo nilisimama kufikiri.

Mambo ya blanketi, ndoo, sufuria na namna ya kukaa na watu hosteli, Shangazi ameyasema wiki nzima. Mimi nikiyaongeza nitakuwa natwanga maji kwenye kinu. Kuhusu famasi unayokwenda kusomea Mbeya siwezi kukushauri lolote, dawa pekee ninayoijua mimi ni grisi. Nina jambo moja tu, na jambo lenyewe liko kwenye sanduku la bati chini ya kitanda changu, lile ambalo Shangazi ametishia kulitupa tangu ukiwa unatambaa. Ni kosa langu kwa mama yako na kwako. Nitalieleza taratibu, kwa sababu nikiharakisha nitalikimbia, na nimelikimbia miaka yote ya maisha yako.

Hujawahi kuniuliza mambo ya Ambakisye yalianzaje. Umekua naye ndani ya nyumba kama watoto wengine wanavyokua na mjomba asiye na kazi: yupo tu, anaimba. Mimi nilimwona mara ya kwanza nikiwa najifunza ufundi kwa mtu hapa mjini. Bendi yao, Umeme Baridi, ilitoka Mbeya ikapiga ukumbini Jumamosi mbili mfululizo. Ilikuwa bendi ya roki, magitaa matatu ya umeme na spika zilizofungwa kwa waya zisianguke. Watu wazima waliondoka mapema wakiwa wameziba masikio. Ambakisye alisimama katikati na koti refu la sufu, koti la baridi ya Julai, akaimba Kiswahili na Kinyakyusa kwa kupokezana. Jasho lilimtiririka na koti hakulivua. Nilirudi Kihesa kwa miguu, masikio yananilia, na nikajua nimepata mtu wangu.

Lakini mapenzi yangu makubwa hayakuwa ya bendi. Hilo unalijua, umenisikia nikibishana na wenzangu kwenye kundi letu la WhatsApp mpaka chai ikapoa. Wengi wanampenda Ambakisye wa Umeme Baridi. Mimi nampenda wa peke yake. Alipoachana na bendi watu walisema amekwisha. Akatoa kanda tatu, yeye na gitaa kavu, na mguu wake ukigonga sakafu ya mbao badala ya ngoma. Ya kwanza ni Koti la Baba, ya pili Ukungu wa Saa Nne, ya tatu Sina Bendi. Kwenye bendi alikuwa anapaza sauti ili ayashinde magitaa. Alipobaki mwenyewe hakuwa na wa kushindana naye, akaanza kuongea na mtu mmoja mmoja. Mimi nilijiona ndiye huyo mmoja.

Unaukumbuka wimbo wa nne kwenye Ukungu? Mvua inaanza kupiga bati katikati ya ubeti. Mwimbaji mwingine angefuta aanze upya siku nyingine. Yeye ananyamaza, anagusa uzi mmoja tu wa gitaa, ting, ting, anaisubiri mvua ipungue, halafu anaendelea palepale alipoliacha neno. Ulipokuwa na miaka saba ulikuwa unauimba wimbo ule pamoja na mvua yake. Ukifika pale unanyamaza, unagonga sahani kwa kijiko, Shangazi anauliza mtoto huyu ana nini, na wewe unamwinulia kidole asubiri. Siku ile nilicheka mpaka nikatoka nje. Nilitoka kwa sababu kicheko kilikuwa kimegeuka kitu kingine, na sikutaka ukione.

Basi sanduku lile. Umelipangusa vumbi mara nyingi kuliko mimi, kwa hiyo sikuelezi kilichomo kama mgeni. Kanda tatu. Bango la ukumbini, lililokatika pembe kwa sababu nililibandua ukutani likiwa bado na gundi mbichi. Tiketi mbili. Picha yake akiwa amekaa kwenye kreti la soda, miguu imenyooshwa, hana habari kama anapigwa picha. Uzi wa gitaa uliokatika jukwaani, nimeuviringisha kwenye kopo la dawa ya viatu. Na kile kifungo cheusi cha koti.

Kifungo nilikupa historia yake nusu. Nilikuambia Ambakisye alining'olea mwenyewe kwenye koti lake, na hiyo ni kweli. Sikukuambia ilikuwa lini. Mama yako alikuwa na mimba yako ya miezi minane. Nilimwambia nakwenda Mbeya kutafuta beringi ya mashine ya kusaga. Beringi ya namna ile ilikuwepo hapahapa Iringa. Nilikwenda kumsikiliza Ambakisye akiimba peke yake kwenye ukumbi mdogo wa Mwanjelwa, watu hata hamsini hatukufika. Alipomaliza nikamfuata mlango wa nyuma. Alikuwa ameketi kwenye ngazi, amechoka, amezeeka kuliko picha zake. Nikamwomba kitu chochote cha ukumbusho. Akajipapasa mifuko, haikuwa na kitu, akashika kifungo cha chini akaking'oa. Akaniuliza nimetoka wapi. Nikasema Iringa. Akaniuliza nyumbani kuna nani.

"Mke wangu. Anakaribia kujifungua," nikasema, tena kwa kujivuna, ili aone nimemthamini kiasi gani.

Akaniangalia muda mrefu. "Sasa hapa unafanya nini, kijana? Nenda nyumbani."

Nilirudi na kifungo, nikamwonyesha mama yako kama mtu aliyeleta mahari ya mfalme. Hakunigombeza. Sekela hakuwa mtu wa kugombeza, alikuwa mtu wa kusema neno moja ukalibeba mwezi mzima. Alikuwa anakufumia sweta. Akakigeuza kifungo kwenye kiganja chake, akasema kitafaa pale shingoni. Nikamnyang'anya. Nikamwambia hiki si cha kushonea, ni cha kutunza.

"Kifungo kazi yake kufunga," akasema, akaendelea kufuma.

Ulipozaliwa, kazi ya hapa ilikuwa haba, nikapata ajira Madibira, kwenye mashine ya kukoboa mpunga. Mimi na fundi mwenzangu tulipewa chumba kimoja. Mtandao wa simu ulikuwa haujafika, barua zilichelewa, na mama yako aliona uvivu kuandika. Akanunua kanda tupu ya dakika sitini. Akakaa jikoni na redio yetu, akabonyeza kitufe cha kurekodi, akaongea, kisha akampa kanda dereva wa fuso aliyekuwa anafuata mchele Madibira. Nikaisikiliza. Nikarekodi jibu langu juu ya maneno yake, dereva akairudisha. Naye akanisikiliza, akarekodi juu ya yangu. Wengi walifanya hivyo, kanda moja inakwenda na kurudi mpaka inachakaa. Hatukuona kwamba tunafuta kitu. Tuliona tunaongea, na maneno ya jana nani anayatunza? Miezi saba hivi tuliishi kwa kanda ileile.

Nataka ujue alivyokuwa akiongea. Uliwahi kuniuliza mama alikuwa na sauti gani, ukiwa darasa la nne, nikakujibu nzuri. Jibu la kipuuzi kabisa. Sauti yake ilikuwa ya chini, ina mkwaruzo kidogo mwanzoni mwa sentensi, kama mtu aliyeamka sasa hivi. Hakuacha Kinyakyusa chake hata baada ya kukaa kwetu Uheheni. Akimshukuru mtu ni ndaga, akishangaa ni ndaga, akichoka nako ni ndaga. Alikuwa anarekodi huku anapika, kwa hiyo nilikuwa nasikia mafuta, nasikia mwiko, nasikia anamfukuza kuku. Na wewe ulikuwemo. Kila kanda alikuweka karibu na redio uropokeropoke.

Kanda ya mwisho aliongea upande mzima mpaka ukaisha. Alieleza umeota jino. Alieleza jirani amejenga choo kinachotuangalia. Halafu katikati, bila kubadilisha sauti, akaniuliza swali. Alisema, "Baba Atupele, nimechoka kuongea na redio. Tuje huko Madibira na mtoto, au tukusubiri hapa? Niambie moja."

Sikutaka kuchagua. Nakuambia ukweli kwa sababu kesho unaondoka na sitaki uondoke na baba wa kuchongwa. Ningeweza kusema niliwaza mbu wa kwenye majaruba ya mpunga, ningeweza kusema chumba kilikuwa cha watu wawili. Niliyawaza hayo kweli, lakini hayakuwa ya kwanza. La kwanza ni kwamba niliyapenda maisha yale. Jumapili nilikuwa napanda lori kwenda Rujewa kwa rafiki yangu Bosko, mkoboaji mwenzangu, naye alikuwa mgonjwa wa Ambakisye kama mimi. Tulikuwa tunakaa kwenye magunia ya pumba tunasikiliza muziki mpaka jioni, hakuna mtoto anayelia, hakuna anayeuliza unga umekwisha au umebaki. Nilikuwa na mke na mtoto, na nikawa naishi kikapera, na ilinikolea.

Basi Jumapili ile Bosko akanipokea anacheka peke yake. Amepata Sina Bendi. Ambakisye alikuwa ameiuza mwenyewe mkononi sokoni Mwanjelwa, nakala chache, na hakuna duka lililokuwa nayo. Tukaisikiliza mara mbili. Atupele, unaijua kanda hiyo. Unajua jinsi inavyoanza, anavyokohoa kwanza, anavyosema "haya" kama mtu anayeinua mzigo. Nilihisi nikiondoka pale bila muziki ule nitaumwa. Bosko alikuwa na redio ya kanda mbili, ya kunakilia. Kanda tupu hakuwa nayo, na Jumapili maduka yalikuwa yamefungwa.

Mfukoni nilikuwa na kanda ya mama yako. Nilikuwa nimekuja nayo nimjibu hukohuko Rujewa, kwa sababu redio yangu ya Madibira mkanda wake wa mpira, ule wa kuzungushia kanda, ulikuwa umelegea.

Sikufikiri muda mrefu. Ningetaka kukuambia nilipigana na nafsi yangu, lakini sikupigana. Nilijiambia nitanunua kanda nyingine Jumatatu, nitamjibu vizuri, kwa kituo. Nilijiambia maneno yake nimeshayasikia, tena mara mbili. Na mazoea yalikuwa hayohayo, kanda ikishasikilizwa inarekodiwa. Bosko akaniuliza hii ina nini. Nikamwambia haina kitu cha maana. Akabonyeza.

Jumatatu sikununua kanda. Mashine iliharibika, tukashinda chini yake siku nne. Wiki iliyofuata nikasema dereva akija. Dereva akaja nikiwa sijarekodi, nikamwambia asubiri safari ijayo. Nilikuwa bado sijajua niseme njooni au niseme subirini, na ndani yangu nilifurahi kupata kisingizio. Usiku nikawa nasikiliza Sina Bendi kwa redio iliyolegea.

Safari iliyofuata dereva alikuja bila kuzima injini. Mama yako alikuwa ameumwa homa siku nne na amefariki. Nilipanda juu ya magunia ya mchele kuja kumzika, na kanda ilikuwa kwenye mfuko wa shati.

Baada ya mazishi Shangazi alinieleza, wala hakujua ananichoma. Alisema kila fuso lile liliposimama barabarani Sekela alikuwa anatoka na wewe mgongoni kwenda kuuliza kama kuna kanda. Dereva anamjibu leo hakuna, mama. Anasema ndaga, anarudi ndani. Alitoka mara tatu. Mara ya tatu alikuwa tayari ana homa.

Mpaka leo Shangazi hajui nilichofanya, wewe ndiye wa kwanza.

Sasa sikiliza kuhusu kanda yenyewe. Upande wa kwanza wa Sina Bendi ni mfupi kuliko upande wa kanda. Muziki ukiisha kuna ukimya mdogo, halafu kuna kipande ambacho Bosko hakukifikia. Hakifiki hata dakika mbili. Ni mwisho wa kanda ya mama yako. Nilikigundua wiki moja baada ya mazishi, nikiwa nimelala chali, nimeuacha muziki uishe wenyewe. Mafuta yakaanza kukaanga ndani ya redio. Kisha sauti yake ikakuambia, "Haya sema, baba. Sema, baba." Wewe ukasema kitu ambacho si baba wala si kingine. Akacheka. Kisha akanigeukia mimi, akasema, "Kanda inaisha hii. Jibu, basi." Ikaisha.

Ndiyo maana nilikuwa nazima kabla. Ulipokuwa na miaka kumi na moja uliiacha itembee. Ulikuwa unaosha vyombo na kuimba, wimbo wa mwisho ukaisha, hukwenda kuzima. Mimi nilikuwa nje, nikasikia ule ukimya, nikaingia mbio nikang'oa waya ukutani kwa nguvu mpaka redio ikaanguka. Ulilia. Uliniuliza kuna nini pale mwisho, nikakuambia hakuna kitu, utaharibu redio. Hukuuliza tena. Ulipohamishia zile kanda nyingine mbili kwenye simu yako ukaja kuomba Sina Bendi, nikakujibu kwa ukali kwamba ile haishikwi. Nilikuona ulivyoinamisha uso. Ulidhani nampenda Ambakisye kuliko wewe, na mtu yeyote mwenye macho angedhani hivyo.

Nilikuambia hakuna kitu, na palikuwa na mama yako.

Kwa nini sikukusikilizisha? Nilikuwa na sababu nyingi nzuri. Utaumia, subiri ukue, subiri umalize shule. Sababu ya kweli ni kwamba ungeuliza, jibu la nini? Ningelazimika kueleza alichouliza, na kwa nini kanda ina muziki juu yake. Nilikunyima sauti ya mama yako ili nisionekane. Nimekaa nalo neno hili mchana wote, sijapata namna ya kulilainisha.

Siuchukii muziki, mwanangu, na sitaki uuchukie. Nimejiuliza sana kama kosa lilikuwa la Ambakisye, maana naye alishafariki, na ni rahisi kumtupia marehemu mwingine mzigo. Yeye aliniambia niende nyumbani. Kanda zake bado ni nzuri, na ule wimbo wa mvua nitausikiliza mpaka nife. Nilichokuja kukiona ni kidogo tu. Ambakisye hakuwahi kuniuliza narudi lini. Nilikuwa namfungulia nikitaka, namzima nikichoka, naye hakununa. Kumpenda mtu wa namna hiyo hakuna kazi. Sekela alikuwa anataka jibu, na mimi nikamwona yeye ndiye mzito.

Huko Mbeya utapata watu wa kuwapenda kwa mbali, kwenye simu, kwenye muziki, kanisani hata. Wapende, si vibaya, mimi bado nampenda wangu. Ila akitokea mtu aliyekaa jikoni akuulize neno, akiwa Shangazi, akiwa mwenzako wa chumbani, akiwa mwanamume utakayemchagua, usimwambie subiri safari ijayo. Hata kama jibu ni hapana. Sekela angeweza kuishi na hapana. Angeninunia, angeniita majina kwa Kinyakyusa, angepanda fuso akaja kunigombeza mwenyewe. Alichokosa ni kitu cha kushika.

Kuna vitu viwili kwenye begi lako ambavyo Shangazi hakuviweka.

Cha kwanza, ukilivaa lile sweta lako la kijani utaona kifungo cha juu hakifanani na wenzake. Nimekishona leo asubuhi mlipokuwa sokoni. Nimekishona vibaya, uzi mweupe, ufundi wangu ni wa chuma. Mbeya kuna baridi, na mama yako alishasema kazi yake ni nini.

Cha pili ni redio ndogo ya kanda, nimeibadilishia mkanda na kuitia betri mpya, na ndani yake iko Sina Bendi. Ianze upande A, usiruke muziki, usikilize mpaka mwisho. Kile kijino cha plastiki cha upande huo nimekivunja, hakuna redio itakayoweza kurekodi juu yake tena. Chagua mahali utakapokuwa na uhuru wa kulia. Sauti imefifia lakini yupo. Na wewe upo.

Upande wa pili ndio nataka kukueleza. Kanda ya Bosko, ile ya kwanza, ilitafunwa na redio ya gari zamani. Kwenye kundi letu wanatafuta upande wa pili wa Sina Bendi kutoka Tunduma mpaka Dar, na ninavyojua, aliyekuwa nao ni mimi peke yangu. Nyimbo tano. Ule wa mwisho alikuwa anaimba akinong'ona, unaupenda wewe kuliko mimi.

Nimeufuta, Atupele. Jana mchana nilifunga mlango wa karakana, nikabonyeza vitufe viwili kwa pamoja, nikaongea. Najua utauliza kwa nini sikukuita uuhamishe kwanza kwenye simu. Niliwaza hivyo, nikashika hata simu. Nikaona nikifanya hivyo nitakuwa nimetoa kitu huku nimekishika mkia. Bosko alipouliza ile kanda ina nini, nilisema haina kitu cha maana. Nilitaka safari hii kilicho juu ndicho kiwe cha maana.

Nilichosema si kirefu. Nilikohoa kwanza, sikukusudia, nikajisikia najifanya Ambakisye. Kisha nikasema, "Sekela, nimepata kanda yako. Nimechelewa. Njooni. Chumba ni kimoja na mbu wapo, lakini njooni wewe na mtoto, nitakuja barabarani kuwapokea." Nikaiacha kanda itembee kidogo, kwa sababu niliona kama anafikiria. Halafu nikamweleza habari zako. Nikamweleza umemaliza shule, umepata chuo, unakwenda kwao Mbeya, una jino lako lile lile la mbele linalotangulia kucheka. Nikamwambia ndaga. Muda wote huo haukutimia hata dakika sita.

Sehemu iliyobaki nimeiacha tupu, na kijino cha upande huo sikukigusa. Hapo ni pako. Sema chochote. Nitukane kama unahisi hivyo, utakuwa na haki, au rekodi tu mvua ya Mbeya ikipiga bati. Ukimaliza mpe kondakta wa basi, mwambie ni ya fundi wa Kihesa, nitakuwa nimesimama stendi. Nami nitakujibu siku hiyohiyo, na basi la kesho yake litakuletea.

Nawasikia mnashuka kilima mkiimba, na sauti ya Shangazi inawatangulia kama kawaida. Karatasi nayo imefika ukingoni. Jibu, basi.

Baba yako